Rafu ya Sauti ya Tatu

Nimefanya kazi ya maktaba miaka thelathini na mitatu, na kama kuna jambo ninalolijua vizuri hapa duniani ni kwamba kitabu kilichowekwa pasipo pake kimepotea kuliko kitabu kilichoibwa. Kilichoibwa kiko kwa mtu, na pengine kinasomwa. Kilichowekwa pasipo pake kiko humohumo ndani, hatua mbili kutoka mezani kwako, na hakuna atakayekiona mpaka kiama. Wanafunzi wa chuo cha ualimu nilikofanyia kazi niliwaambia hivyo kila mwaka, uso nimeukunja, nao walinisikiliza kisha wakaenda kunicheka nje. Walinipa na jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Mke wangu amefariki, huu ni mwaka wa tatu. Naishi Boko, kwenye nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo mpaka tukahamia ikiwa haina dari. Binti yetu yuko Mwanza, kaka yake yuko Mbeya, na Jumapili jioni wananipigia simu kwa zamu kama watu waliopangiana. Nadhani wamepangiana kweli. Siku sita zilizobaki nyumba inakuwa kimya. Nasema kimya cha ndani, maana nje jirani yangu ana spika ya ukubwa wa kabati na anaanza kupiga singeli kabla sijamaliza chai. Siku moja nilijiuliza singeli ningeipa namba gani ya maktaba, nikaona bora nifunge dirisha.

Kuna kitu sikuwaambia watoto. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti ya mama yao. Sura ninayo, ipo ukutani. Mwendo wake naukumbuka, hata namna alivyokuwa akikunja kanga kabla ya kupanda kitandani. Nakumbuka pia kikohozi kidogo alichokuwa nacho kabla ya kukataa jambo. Na kwa kuwa hakukataa mara nyingi, sikukisikia mara nyingi. Lakini sauti yenyewe ilikuwa inanitoka. Nilibaki na maneno aliyoyasema, bila namna yalivyosikika. Asubuhi nilijaribu kumsikia akiniita, "Baba, chai," na nilichokisikia kilikuwa sauti yangu mimi ikisema maneno yake. Iliniuma kuliko mazishi, kwa sababu kwenye mazishi angalau kulikuwa na watu.

Nilitafuta. Simu yake ilikuwa kitochi. Simu janja aliikataa, akasema hana haja ya simu inayomjua. Kwa hiyo hakuna ujumbe wa sauti hata mmoja. Nikakumbuka video ya send-off ya binti yetu, ambapo mama yake alisimama na kumuusia mbele ya wageni karibu robo saa nzima. Nikaitafuta DVD yake, nikaipata, nikaiweka. Mpiga video alikuwa amefunika maneno yote kwa muziki wa kinanda. Namwona mke wangu ameshika kipaza sauti, midomo inacheza, mashangazi wanafuta machozi, na kinachosikika ni kinanda mwanzo mwisho. Nilimtafuta mpiga video. Aliniambia kwa heshima zote kwamba picha za awali alishazifuta zamani, na kwamba wateja wengi wanapenda muziki. Nilimjibu vibaya. Mpaka leo sijamwomba radhi.

Ndipo mchungaji wa usharika wetu wa zamani kule Mtoni akanipigia. Mtoni tuliishi miaka ishirini na zaidi kabla ya Boko, na hapo ndipo tulipofunga ndoa. Mchungaji mwenyewe ni mgeni pale, kijana, na alisikia kwamba zamani kulikuwa na muumini mkutubi. Alinieleza kuwa kwaya ina maboksi ya kaseti na madaftari ya nota ambayo yanaota ukungu, na anatamani yapangwe kitaalamu kabla hayajaharibika yote. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Alinishukuru sana kwa moyo wa kujitolea, nami nikazipokea shukrani hizo bila kustahili. Mke wangu aliimba kwenye kwaya ile usichana wake wote. Kama sauti yake ilikuwa imebaki mahali popote, ilikuwa ndani ya maboksi yale, na nilikwenda kuifuata.

Basi kila Jumanne nikawa natoka Boko alfajiri, navuka mji mzima, na saa tatu niko Mtoni. Kazi ilikuwa kwenye chumba cha sare, nyuma ya ofisi ya usharika. Majoho ya kwaya yalining'inia kwenye bomba refu la chuma, chumba kinanuka naftalini na pasi ya moto, na kaseti zilikuwa chini ya majoho, kwenye maboksi ya sabuni. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Niliinama mpaka kiuno kikalalamika.

Mle ndani hatukuwa zaidi ya watu wawili. Mwingine alikuwa mama anayetunza sare, Mpare aliyekuja Dar akiwa msichana, na ambaye aliimba sauti ya pili tangu enzi hizo mpaka alipoacha kwa ajili ya magoti. Alikuwa rafiki wa mke wangu, wa kushonewa kitambaa kimoja, na mimi ananiita shemeji. Zamani alikuwa mtu wa maneno mengi. Nilipofika na kalamu zangu na kadi zangu alinisalimia vizuri, akanivutia kiti, kisha akarudi kwenye pasi yake na kunyamaza. Nikasema moyoni kuwa ni uzee.

Lazima nieleze jinsi maktaba inavyozipanga sauti, la sivyo kosa langu halitaeleweka. Katika mfumo wa namba nilioufundishwa, muziki umepewa mia saba na themanini, na ukifika kwenye uimbaji swali la kwanza ni moja: nani anaimba? Wanakuja kwanza waimbaji mchanganyiko, halafu wanawake, halafu watoto, halafu wanaume. Baadaye mfumo unarudia mpango uleule kwa anayeimba peke yake: mwanamke wa sauti ya juu, wa kati na wa chini, mtoto, mwanaume wa juu, ambaye ndiye teno, wa kati, na wa chini kabisa, besi. Mwishoni pameachwa nafasi ya sauti nyinginezo, kwa ajili ya vile ambavyo aliyepanga hakujua avipeleke wapi. Mfumo huu niliupenda ujana wangu wote. Haukuwa na kigugumizi. Unauliza, unajibiwa, unaandika namba, unaweka rafuni, unakwenda kunywa chai.

Kwaya za kwetu zina namba zao, na ni nne tu. Sauti ya kwanza na ya pili ni wanawake, ya tatu na ya nne ni wanaume, na kila sauti ina benchi lake. Niliona kazi rahisi. Nikaomba rafu kwa fundi, nikakata vibao vya boksi, nikaandika kwa maandishi makubwa: MCHANGANYIKO, WANAWAKE, WATOTO, WANAUME. Chini ya wanawake nikaandika ya kwanza na ya pili. Chini ya wanaume, ya tatu na ya nne. Mama wa sare alivisoma vile vibao pole pole, kimoja kimoja, akauliza kama nina hakika. Nilimjibu kwa maneno ambayo mke wangu aliyajua kwa moyo, kwamba kila kitu kina mahali pake.

Kaseti nyingi hazikuwa za nyimbo kamili. Zilikuwa za kujifunzia. Zamani zile wanakwaya wengi hawakusoma nota, kwa hiyo mwalimu wa kwaya, marehemu sasa, alichukua mtu mmoja aliye imara katika kila sauti, akamrekodi akiimba sehemu yake peke yake. Kaseti ile ilizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mtu alijifunza kwake, Jumamosi wakakutana kuunganisha. Hakuna aliyeandika jina la mwimbaji. Kwenye karatasi ya jalada utakuta S.1, S.2, S.3 au S.4, basi. Ukisikiliza S.1 unaujua wimbo mara moja, maana ndiyo inayobeba tyuni. Nyingine hazieleweki. Sauti ya tatu ikiwa peke yake inapanda kidogo, inashuka kidogo, inang'ang'ania nota moja muda mrefu, halafu inanyamaza kusubiri watu ambao hawapo.

Nilikuwa na kanuni yangu ya kazi: kila kaseti dakika moja. Dakika moja inatosha kujua nani anaimba. Ukianza kusikiliza kwa raha hutamaliza, na mkutubi anayesoma kila kitabu anachokipanga ni mkutubi mvivu. Lakini kwa kaseti za wanawake niliivunja kanuni. Nilisikiliza S.1 na S.2 zote, mwanzo mpaka mwisho, pande zote mbili, sikio nimelibandika kwenye redio kaseti ya usharika. Nilisikiliza wasichana ambao leo ni bibi. Wengine niliwatambua, na mmoja nilimzika mwenyewe kwa kubeba jeneza. Kila sauti mpya ilipoanza nilifumba macho, na kila mara nilijua baada ya mstari mmoja kuwa si yeye. S.3 na S.4 hata hiyo dakika sikuzipa. Nilitazama jalada, nikasikiliza pumzi mbili za sauti nzito, nikaandika: sauti moja, mwanaume.

Najua msomaji amekwisha kuona. Mimi sikuona, na itabidi niseme kwa nini, ingawa hainipi sifa.

Nilipomfahamu mke wangu alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na alikuwa anakaa kwenye benchi la sauti ya tatu, katikati ya wanaume. Mtoni wakati ule wanaume wa kwaya walikuwa haba. Wengine walikuwa kazini bandarini hata Jumapili. Yeye alikuwa na sauti nzito ya asili, ya kifua, na mwalimu alimhamishia kule ajazie. Kwangu mimi, mwanafunzi wa ukutubi niliyetoka Masasi na shati moja la maana, alikuwa mzuri kuliko wote, na alikuwa amekaa pabaya. Wenzangu wa hosteli walinitania kwamba nimempenda mwanaume mwenye gauni. Nilicheka nao, lakini iliniingia. Baada ya kumvalisha pete nilimfuata mwalimu wa kwaya baada ya ibada, kwenye tangi la maji nyuma ya kanisa, nikamwomba amrudishe mchumba wangu akae na wanawake wenzake. Akasema atamwambia. Sikupata jibu lolote, na sikuulizia.

Tulipooana nilimwambia mwenyewe. Hatukugombana. Alinitazama kidogo, akasema sawa, na Jumapili iliyofuata alikaa benchi la sauti ya pili pamoja na rafiki yake huyu wa sare. Nilifurahi kumwona pale. Mwaka haukuisha akaniambia koo linamsumbua, akaacha kwaya, akaingia kamati ya mapambo. Kwa miaka yote iliyobaki alifua vitambaa vya madhabahuni na kupanga maua. Nikajua amependa maua. Nyumbani hakuimba. Alikuwa akivumisha nyimbo puani tu jikoni, kwa chini, na nikiingia ananyamaza. Haya yote niliyajua nilipokuwa nikipanga kaseti, na bado nilimtafuta kwenye S.2, maana ndipo nilipomweka. Tena nilianza na S.1, Mungu anisamehe.

Mwezi wa tatu wa kazi ile ulipofika ukingoni, boksi la mwisho likaisha. Rafu zilipendeza. Mchungaji alikuja akazipiga picha, akanishika mkono, akasema, "Mzee wangu, hapa umetuachia urithi." Alipoondoka nilikaa kwenye kiti nikazitazama. Nilikuwa nimesikiliza kila mwanamke aliyewahi kurekodiwa katika usharika ule, na mke wangu hakuwemo. Nilihisi kama amefariki mara ya pili, na safari hii hakuna aliyeleta hata sufuria ya chai.

Mama wa sare alikuwa anapiga pasi kola. Sijui nilipata wapi ujasiri, maana si kawaida yangu kumwaga yangu mbele ya watu. Nilimwambia ukweli. Kwamba sikuja kwa ajili ya urithi wa usharika, nilikuja kumtafuta rafiki yake. Kwamba nasahau sauti yake. Kwamba kila Jumanne nimekuwa nikimsaka humu na sijampata, na sasa hakuna tena pa kutafuta.

Alisimamisha pasi wima.

"Umemtafuta wapi, shemeji?"

Nikamwambia kwa wanawake, kote, rafu zote mbili, pande zote za kila kaseti.

Alikwenda kwenye rafu ya wanaume, magoti yakilia, akapitisha kidole kwenye migongo ya kaseti kama anayetafuta jina kwenye daftari, akatoa moja, akaniwekea mapajani. Ilikuwa S.3. Mwandiko wa kadi ulikuwa wangu: sauti moja, mwanaume, teno.

Nilimwambia kwamba hiyo ni sauti ya tatu. Nilisema kwa upole wa kitaalamu, ule upole unaoudhi.

"Mwaka ule sauti ya tatu ilikuwa na wanaume wawili," akasema, "na wote walikuwa wanamfuata yeye. Alikuwaga ndiye kaseti yao. Mie mwenyewe nilishika taa umeme ulipokatika, wakati mwalimu anamrekodi."

Nikamuuliza amejua tangu lini kuwa iko pale.

"Nilikuona unaiweka. Mwezi wa kwanza. Hukusikiliza hata ubeti." Akavuta pumzi. "Nikasema ngoja nimwangalie, pengine atamjua mwenyewe. Nikangoja. Kila Jumanne nikangoja."

Nilikasirika. Nilikasirika kweli. Miezi miwili mtu huyu alinitazama nikiinama na kusimama, akaninyamazia. Nilitaka kumwambia ni mkatili. Lakini kinywa kilipofunguka nikakumbuka kuwa mimi nilimwona rafiki yake amekaa kimya miaka zaidi ya thelathini, wala sikuuliza hata mara moja. Nyani haoni kundule. Nikafunga kinywa, nikaiingiza kaseti.

Redio ile mkanda wake umechoka na inavuta sauti chini kidogo. Ilitoka sauti nzito, ya ujana, iliyonyooka, haina mapambo. Ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, ikakaa kwenye nota moja. Na nitasema kweli, kwa kuwa nimeanza kusema kweli: sikumjua. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa, mwanamke niliyelala naye kitanda kimoja maisha yangu yote ya ukubwani akiniimbia, na mimi sikumjua. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba peke yake pale sauti yake ilipokuwa inakaa. Nilimsikia mara zote pamoja na wengine, halafu nikamhamisha.

Nikanyoosha mkono nizime. Ilikuwa imeshapita dakika moja, na mazoea ni mazoea. Mama wa sare akanishika kifundo cha mkono.

"Mwache amalize," akasema.

Upande wote ule una nyimbo tatu. Tulizisikiliza zote, sehemu ya tatu peke yake, na katikati kimya kirefu pale ambapo sauti nyingine zingeimba. Katika kimya kile unasikia kuku wa nje, na mtu akigeuza karatasi. Wimbo wa tatu ulipoisha nilisikia mwalimu wa kwaya akicheka kwa mbali na kusema imekaa vizuri. Kisha akasema, bila kusogea karibu na kinasa sauti, "Mchumba wako yule wa maktaba amenifuata, anaomba uhamie kwa wanawake wenzako, mimi nimjibu nini?"

Kuku akalia nje. Halafu kikaja kikohozi kidogo.

Hapo nilimjua. Mwili ulimjua kabla yangu, nilikuwa nimeshasimama. Kikohozi kile nimekisikia mara chache maishani, na kila mara baada yake lilikuja neno hapana.

"Hapana, mwalimu," akasema mke wangu. "Niacheni hapahapa. Mwambie kule nitapiga kelele tu. Hapa naimba."

Mwalimu akacheka tena, akasema, "Nitamwambia," na kitufe kikabonyezwa.

Hakuniambia. Pengine alisahau, pengine alinionea haya, au aliona wachumba watamalizana wenyewe. Simlaumu. Angeniambia siku ile, sina hakika ningesikia. Nilikuwa kijana mwenye mfumo mpya kichwani, na mfumo ulikuwa umeshasema teno ni mwanaume.

Nililia mbele ya mama wa sare bila kujificha. Yeye hakunibembeleza. Aliniletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akakaa kwenye boksi tupu la sabuni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile akanisimulia. Aliniambia kwamba kwenye benchi la sauti ya pili mke wangu alikuwa akifungua kinywa tu. Alijaribu miezi michache, koo likamvimba, halafu akawa anafungua kinywa ili nikitazama kutoka viti vya nyuma nione anaimba. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu kwamba yeye alimuuliza swali hilohilo, na rafiki yake akamwambia alishajibu mara moja, kupitia kwa mwalimu, na kwa kuwa nimerudi kuomba tena baada ya kulisikia jibu, basi jambo hilo ni kubwa sana kwangu.

Hili ndilo linaloniamsha mpaka leo. Alifikiri nilisikia. Maisha yetu yote alifikiri nilimsikia, nikampuuza, na akanipikia chai hivyohivyo.

Ilibidi tuamue kuhusu kadi. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuihamisha kaseti kwa wanawake, na tayari nilikuwa nimeshika kalamu. Mama wa sare akaniuliza ninampeleka wapi tena. Hakupandisha sauti. Niliishusha kalamu. Nikafikiria ile namba ya mwisho ya sauti nyinginezo, nikaona aibu hata kuifikiria. Hakuwa nyinginezo, alikuwa sauti ya tatu. Mwishowe nikang'oa vibao viwili, cha WANAWAKE na cha WANAUME, nikabakiza namba nne za kwaya, ya kwanza mpaka ya nne, kama wenyewe walivyozihesabu siku zote. Mfumo haukubali. Walimu wangu wasingekubali. Kwenye kadi nikafuta "mwanaume" na kuandika jina lake kamili, lile la usichana, na kaseti nikairudisha palepale kwenye rafu ya sauti ya tatu.

Nikaongeza kitu kimoja ambacho wakutubi hukifanya kwa kitabu ambacho watu watakitafuta mahali pengine. Nilikata kipande cha boksi cha ukubwa wa kaseti, nikakisimamisha kwenye rafu ya sauti ya pili, nikaandika jina lake tena na chini yake: tazama sauti ya tatu. Ni kwa ajili ya mjinga mwingine atakayekuja.

Kaseti ni mali ya usharika, sikuichukua. Mama wa sare alinisaidia kuirekodi kwenye simu yangu, simu tukiiegemeza kwenye redio, na ukisikiliza kwa makini unasikia pasi yake ikipuliza mvuke mara moja. Nilirudi Boko alasiri. Jirani alikuwa hayupo, spika imelala. Nilimtumia binti yetu bila maelezo. Baada ya robo saa akapiga, siku isiyo ya zamu yake, akauliza, "Baba, huyu mwanaume anayeimba ni nani?" Nikamwambia asikilize mpaka mwisho. Akakata. Alipopiga tena, sote wawili tulishika simu tukasikilizana tukilia. Sikumweleza yote. Nitamweleza akija.

Siku hizi namsikiliza mchana, nimekaa barazani, baada ya chakula. Bado naona upweke. Sitadanganya kwamba umekwisha. Pengine umezidi, kwa sababu sasa najua nimemkosa nani. Sauti ya tatu peke yake haikupi wimbo, inakupa zile nafasi tu ambamo wenzake wangeimba, na mimi sina sauti yoyote ya kuziba nafasi hizo. Nakaa kimya nazo. Wimbo wa kwanza unapita, wa pili, wa tatu. Mwalimu anamuuliza anijibu nini, kuku analia, mke wangu anakohoa kidogo, anasema niacheni hapahapa.

"Kaa," namjibu. "Kaa hapohapo, mama."